Usiku wa Mchujo Marekani: Jinsi ya Kukadiria Waliojitokeza na Mshindi Ukiwa Dar

Ukitaka kukadiria matokeo ya kura za mchujo, yaani zile ambazo chama humchagulia mgombea wake, anza na swali ambalo wengi huliruka: watajitokeza watu wangapi, na ni watu gani? Habari ya mshindi inafuata baadaye. Kwenye uchaguzi mkuu wa Marekani wapiga kura wengi msimamo wao unajulikana mapema. Kwenye mchujo wagombea wote wanatoka chama kimoja, wanakubaliana mambo mengi, na wanaokwenda vituoni ni wachache. Hata mwaka 2016, ambao vyama vyote viwili, Republican na Democratic, vilikuwa na ushindani mkali wa urais, waliojitokeza kwenye mchujo walikuwa chini ya watu 3 kati ya 10 wenye haki ya kupiga kura. Kundi dogo namna hiyo likiongezeka kidogo tu, au wakiingia watu wa aina nyingine, mshindi anabadilika.

Mfano ambao kila anayefanya makadirio anapaswa kuukariri ni wa Virginia, tarehe 10 Juni 2014. Eric Cantor, kiongozi wa Republican walio wengi Bungeni, alikuwa na utafiti wa maoni wa kampeni yake mwenyewe uliomwonyesha akiongoza kwa pointi 34. Akashindwa na David Brat, profesa wa uchumi, kwa asilimia takriban 56 kwa 44. Mchujo wa jimbo lake la ubunge miaka miwili kabla ulikuwa na watu wapatao 47,000. Safari hii walikuja kama 65,000. Utafiti ulihoji watu wa mchujo uliopita, na waliopiga kura hawakuwa walewale.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu wanne hadi wanane wanaokaa pamoja Dar, mtu na daftari lake au mmoja wao ana kompyuta mpakato. Hesabu zake hazizidi kuzidisha na kugawanya.

Soma kanuni kwanza

Kabla hujafungua tafiti zozote, andika juu ya ukurasa nani anaruhusiwa kupiga kura. Kila jimbo lina utaratibu wake. Jiji la New York linafunga mlango: mchujo wa Democratic ni wa waliojiandikisha Democratic tu, na ukitaka kubadili chama unatakiwa uwe umefanya hivyo miezi kadhaa kabla. South Carolina hawaandikishi watu kwa vyama kabisa, hivyo mpiga kura anachagua siku hiyo aingie mchujo upi. New Hampshire iko katikati. Karibu watu 4 kati ya 10 kwenye daftari lao hawana chama, na hao wanaweza kuchukua karatasi ya chama chochote kati ya viwili. Kwa hiyo New Hampshire huwezi kukadiria chama kimoja bila kuangalia cha pili. Upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, wasio na chama wanahamia penye moto.

Andika pia ushindi unapatikanaje. Texas na Georgia hutaka mtu avuke nusu ya kura kwenye mchujo wa ubunge au ugavana, la sivyo wawili wa juu wanarudi tena. New York City mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, wa kwanza hadi wa tano, na wa chini wanaondolewa mmoja mmoja kura zao zikihamia kwa wanaofuata. Mchujo wa urais wa Democratic una kizingiti cha asilimia 15: aliye chini yake hapati wajumbe wa jimbo zima (wale wanaokwenda mkutano mkuu kumteua mgombea) hata kama kura zake ni laki moja. Mara nyingi kizingiti hiki ndicho kinachofanya namba ya mshindi wa tatu iwe na maana kubwa kuliko ya wa kwanza.

Kadiria idadi ya waliojitokeza

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tafuta idadi ya kura za mchujo uleule kwa miaka mitatu au minne iliyopita. Ofisi za serikali za majimbo huziweka mtandaoni bure. Kisha chagua mwaka unaofanana na huu, hata kama si wa karibuni. Mwaka ambao rais aliyeko madarakani alikuwa anagombea bila mpinzani wa maana haukusaidii kukadiria mwaka wenye ushindani.

Tuifanye hesabu moja ya kweli, New Hampshire, mchujo wa Republican wa Januari 2024. Mwaka 2016 Republican walipiga kura takriban 287,000 na Democratic takriban 254,000, vyama vyote viwili vikiwa moto. Mwaka 2020 moto ulikuwa Democratic peke yake, kwa sababu Trump alikuwa rais na hakuwa na mshindani wa kumtisha. Democratic wakapanda hadi kama 298,000. Gawanya 298 kwa 254, unapata 1.17. Maana yake chama kilichobaki peke yake na ushindani kilivuna kama asilimia 17 zaidi ya kilichopata vyama vyote vilipokuwa moto. Mwaka 2024 hali iligeuka: Republican ndio waliokuwa na mchuano, Trump na Nikki Haley, na upande wa Democratic ulipoa. Zidisha 287,000 kwa 1.17, unapata karibu 336,000.

Sasa rekebisha kwa akili. Siku mbili kabla ya kura, Ron DeSantis, mgombea mwingine wa Republican, alijitoa. Mgombea akijitoa dakika za mwisho, baadhi ya watu wake hubaki nyumbani. Punguza kidogo, useme 328,000. Waliopiga kura walikuwa takriban 325,000, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kwenye mchujo wa Republican wa jimbo hilo. Hata bila kupunguza, kosa la kalamu na karatasi lisingefika asilimia 4.

Ofisi ya Katibu wa Jimbo la New Hampshire ina desturi ya kutangaza makadirio yake yenyewe kabla ya mchujo, jambo ambalo ningependa majimbo mengine yaige. Mwaka 2024 katibu huyo, David Scanlan, alikadiria Republican 322,000 na Democratic 88,000. Ya kwanza aliikaribia sana. Ya pili ilimpita mbali, kwa sababu Democratic walifika karibu 124,000. Kilichotokea ni kwamba chama kilikuwa kimeamua South Carolina itangulie, New Hampshire ikakaidi, na jina la Biden halikuwemo kwenye karatasi. Wafuasi wake wakafanya kampeni ya kuliandika kwa mkono. Hakuna mwaka wa nyuma ulioweza kukufundisha hilo. Kwa hiyo ukishapata namba yako, jiulize: mwaka huu kuna kitu gani ambacho hakijawahi kuwepo? Kama kipo, tanua makadirio yako.

Mambo mengine ya kurekebisha, kwa uzito ninaoupa mimi:

Kura za mapema zina uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu hizo si maoni, ni watu waliokwisha kupiga. New York City mwaka 2025 zaidi ya watu 380,000 walipiga mapema kwenye mchujo wa Democratic wa meya, karibu mara mbili ya 2021. Usikimbilie kuzidisha jumla kwa mbili, maana baadhi ni watu walewale waliobadili siku tu. Angalia ni nani: mwaka ule vijana walikuwa wengi kuliko kawaida kwenye kura za mapema, na hiyo ilikuwa dalili ya wapiga kura wapya. Jumla ikavuka milioni 1, wakati 2021 ilikuwa chini kidogo ya hapo.

Hali ya hewa ipe uzito kidogo kwenye kura za vituoni na mkubwa kwenye mikutano ya vyama ya Iowa inayotumika badala ya vituo, ambako mtu lazima afike saa moja jioni na kukaa. Januari 2024 Iowa walikumbwa na baridi kali sana na Republican waliofika walikuwa kama 110,000 tu; mwaka 2016 walikuwa kama 187,000. Baridi peke yake haikufanya hivyo. Tafiti zote zilimpa Trump ushindi mkubwa, na mtu akijua mechi imekwisha haoni sababu ya kutoka kwenye theluji. Mvua ya kawaida, kwa uzoefu wangu, ipuuze.

Namba moja haitoshi. Andika tatu: ya chini, ya kati na ya juu, kiasi kwamba ungeshangaa kweli matokeo yakitoka nje ya hizo za pembeni. Wanaoanza huweka pengo jembamba mno.

Asilimia za wagombea

Chukua tafiti za siku kumi za mwisho, zijumlishe, zigawanye kwa idadi yake, basi. Usichague unayoipenda. Kama kampuni moja imetoa tafiti tatu, tumia ya mwisho tu. Waliosema hawajaamua usiwagawe sawasawa. Wengi huenda kwa anayepanda wiki ya mwisho au kwa jina wanalolifahamu, na hapo lazima ufanye uamuzi wako na uuandike.

Halafu kumbuka tafiti za mchujo hukosea kuliko za uchaguzi mkuu. Pengo likikosewa kwa pointi 10, si ajabu. New Hampshire 2008 tafiti zilimweka Obama mbele kwa pointi kama 8, akashinda Hillary Clinton kwa 39 dhidi ya 36 na nusu. Michigan, Machi 2016, wastani ulimpa Clinton uongozi wa pointi 20 hivi juu ya Bernie Sanders. Sanders akashinda kwa pointi moja na nusu.

Hiyo ya Michigan ichunguzwe vizuri, kwa sababu kosa lake linarudi pale pale kwenye waliojitokeza. Mchujo wa nyuma wenye ushindani, wa 2008, ulikuwa mbovu: Michigan ilisogeza tarehe kinyume na kanuni za chama, na Obama hakuwemo hata kwenye karatasi. Vijana wengi hawakuwa na sababu ya kwenda. Aliyetumia 2008 kukadiria sura ya mpiga kura wa 2016 alikuwa ameshapotea kabla hajampigia mtu simu. Kila unapochagua mwaka wa kulinganisha, uliza ulikuwa mwaka wa kawaida au ulikuwa na kasoro.

Gawa jimbo vipande

Makadirio ya jimbo zima hayatakusaidia usiku wenyewe, maana matokeo hayaji ya jimbo zima. Yanakuja kaunti kwa kaunti, mji kwa mji. Ungekuwa unahesabu Dar, matokeo ya kwanza yakitoka Masaki na Oysterbay usingethubutu kusema Mbagala na Gongo la Mboto wamechagua nini. Ukiwa hujui jimbo la watu, unalifanya kosa hilohilo bila kujiona.

Kwa hiyo gawa jimbo katika vipande vitatu hadi sita vyenye tabia tofauti. Kwa kila kipande andika namba nne: kura za mchujo uliopita, makadirio yako ya kura safari hii, asilimia unayotegemea kwa kila mgombea mkuu, na safu tupu ya kujaza usiku. Safu hiyo tupu ndiyo itakayokufanyia kazi.

Saa na maandalizi

Tofauti kati ya Dar na pwani ya mashariki ya Marekani ni saa 8 wakati wa baridi yao, na saa 7 kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. South Carolina wakifunga vituo Februari, hapa ni saa 9 usiku. New Hampshire miji mingi hufunga saa 9 usiku wetu na ya mwisho saa 10 alfajiri. New York Juni, saa 10 alfajiri. California ni asubuhi kabisa: saa 1 kama ni mapema Machi, saa 12 kama ni Juni. Na kile kijiji cha Dixville Notch, New Hampshire, kinachopiga kura saa sita usiku wao, matokeo yake hapa yanafika saa 2 asubuhi siku hiyohiyo. Mwaka 2024 kura zote 6 zilikwenda kwa Haley, na Trump akalichukua jimbo kwa asilimia 54 kwa 43. Yafurahie, usiyaandike kwenye daftari.

Kaeni nyumba moja na mlale hapo. Kutafuta bodaboda saa 8 usiku hakuna haja. Nunueni bando mapema, chajini simu na pawabenki, na jedwali liwe pia kwenye karatasi ili umeme ukikatika kazi iendelee. Chai ya tangawizi iwe kwenye chupa. Gaweni kazi: mmoja anasoma namba kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anapiga hesabu, na mmoja kazi yake ni kuhakiki tu kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Huyo wa mwisho watu humwona hana kazi, lakini sifuri moja ikiongezeka saa 10 alfajiri, kundi zima linapotea kwa nusu saa.

Makadirio ya kila mtu yafungwe kwenye bahasha, au yatumwe kwenye kundi la WhatsApp, kabla vituo havijafungwa. Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Na msiweke fedha. Kukadiria kwa fedha kunamfanya mtu aone anachokitaka.

Namba zinapoingia

Chukua jimbo la kufikirika lenye wagombea wawili, Asha na Baraka, na vipande vitatu. Mchujo uliopita vijijini walipiga kura 40,000, pembezoni mwa miji 60,000, mjini 100,000, jumla 200,000. Umekadiria jumla ya 220,000, kila kipande kikipanda kwa asilimia 10. Umetegemea Asha apate asilimia 35 vijijini, 45 pembezoni na 58 mjini. Ukizipiga kwa makadirio yako ya kura, Asha anafika asilimia 49 na nusu. Yaani kwenye daftari lako anashindwa kwa uzi.

Saa 11 alfajiri vijijini na pembezoni wamemaliza kuhesabu, mjini bado kabisa. Vijijini zimetoka kura 50,000, Asha ana asilimia 38. Pembezoni 66,000, Asha ana 47. Televisheni inamwonyesha Baraka akiongoza kwa asilimia 57 kwa 43, na sebuleni kuna mtu ameshaanza kukunja mkeka.

Tazama daftari. Asha amezidi ulichotegemea kwa pointi 3 vijijini na 2 pembezoni. Kama mjini atazidi kwa 2 vilevile, atapata 60. Upande wa idadi, vijijini wamepanda kwa asilimia 25, pembezoni kwa 10. Msisimko unapungua kadiri unavyokaribia mjini, hivyo usiipe mjini ongezeko la wastani. Ipe asilimia 4, kura 104,000. Asilimia 60 ya hizo ni 62,400. Jumlisha na 50,020 alizonazo, Asha ana 112,420 kati ya 220,000: asilimia 51. Anayeonekana ameshindwa kwa pointi 14 ndiye anayeongoza.

Hakikisha kwa njia ya pili, ambayo ni fupi zaidi. Baraka yuko mbele kwa kura 15,960. Zimebaki kama 104,000. Gawanya pengo kwa zilizobaki: asilimia 15.3. Asha anahitaji kushinda mjini kwa pengo hilo, yaani takriban 57.7 kwa 42.3. Wewe unamtegemea apate 60. Anatosha, ingawa si kwa mbali, kwa hiyo sema "anaelekea kushinda" na usiseme zaidi.

Hesabu hii ya pengo kugawanywa kwa zilizobaki ifanyeni kila namba mpya inapoingia. Kinachosumbua ni kujua zimebaki ngapi, na hapo ndipo makadirio yako ya waliojitokeza yanapolipa. Ile "asilimia ya zilizohesabiwa" unayoiona kwenye skrini nayo ni makadirio ya mtu, na usiku inaweza kurudi nyuma, itoke 80 iwe 72, kwa sababu wamegundua waliojitokeza ni wengi kuliko walivyodhani. Watu wengi hudhani kuna hila. Hakuna.

Kabla hujalinganisha, jua pia kura za aina gani zimetoka. Sehemu nyingi kura za mapema hutangazwa kwa mkupuo mara vituo vikifungwa, na waliopiga mapema hawafanani na waliopiga siku yenyewe. Alfajiri ya tarehe 25 Juni 2025 hilo lilionekana wazi. Tafiti nyingi za mchujo wa meya wa New York zilikuwa zimempa Andrew Cuomo, gavana wa zamani. Moja ya mwisho kabisa ndiyo iliyoonyesha Zohran Mamdani angepita baada ya kura kuhamishwa. Kundini tuna mzee aliyesoma Mlimani miaka ya 1970, wakati baba yake Zohran, Profesa Mahmood Mamdani, akifundisha pale, na kijana mwenyewe amezaliwa Kampala. Hakuna aliyekuwa na usingizi. Saa 10 na dakika chache kura za mapema zikatoka, Mamdani mbele.

"Mzee, hizi ni za vijana, tusubiri za leo," kijana wetu wa hesabu akasema.

"Zisubiri," mzee akamjibu, "lakini andika Cuomo alitakiwa awe na ngapi hapo."

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote usiku ule. Anayetegemea wazee huweza kuanza nyuma kwenye kura za mapema zilizojaa vijana, akafidia za siku yenyewe. Pengo likigoma kupungua kura za siku zinapoingia, amekwisha. Halikupungua vya kutosha. Kabla ya saa 12 asubuhi Cuomo alikuwa amekubali kushindwa, kwa takriban 44 kwa 36 za chaguo la kwanza. Kura zilipohamishwa wiki iliyofuata ikawa 56 kwa 44.

California ni kinyume kabisa. Huko wengi hupiga kwa posta, na kwa sheria ya miaka ya karibuni kura yenye muhuri wa siku ya uchaguzi au kabla imekuwa ikipokelewa hadi siku 7 baadaye. Za mwisho kuhesabiwa mara nyingi ni za vijana waliongoja. Pengo dogo asubuhi ya Dar haliwezi kukupa mshindi. Fungeni madaftari mwende kazini.

Lini mseme imekwisha

Shirika la habari la Associated Press limekuwa likihesabu kura za Marekani tangu 1848, na kanuni yao ni nzuri kuiga: hawatangazi mshindi mpaka wajiridhishe kwamba aliye nyuma hana njia ya kumfikia. Wakati mwingine hutangaza vituo vikifungwa tu, kama South Carolina 2020, ambako mahojiano na wapiga kura yalionyesha pengo kubwa mno na Biden akamaliza na karibu asilimia 49. Wakati mwingine haiwezekani kutangaza kwa uhakika. Iowa 2012 Mitt Romney alisemwa ameshinda kwa kura 8. Majuma mawili baadaye hesabu iliyothibitishwa ikamweka Rick Santorum mbele kwa 34, na vituo 8 karatasi zake hazikupatikana. Iowa 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo iligoma na usiku ukaisha bila namba.

Pengo likiwa chini ya nusu pointi, kundi lenu liandike "haijulikani" hata kama kura zote zinasemekana zimehesabiwa. Hilo ni jibu halali na lipewe alama zake.

Kupima

Asubuhi msipime. Subirini matokeo yaliyothibitishwa, wiki mbili tatu hivi, ndipo mfungue bahasha. Kosa la waliojitokeza pimeni kwa asilimia ya idadi halisi. Kosa la matokeo pimeni kwa pengo kati ya wawili wa juu, na siyo kwa kupatia jina la mshindi, kwa sababu aliyesema Asha kwa pointi 20 akashinda kwa 1 amekosea kuliko aliyesema Baraka kwa 1. Hesabuni pia mara ngapi matokeo yaliangukia ndani ya namba yako ya chini na ya juu. Baada ya michujo kumi, kama imeangukia ndani mara zote, unajificha kwenye pengo pana. Kama ni mara tatu tu, unajiamini mno.

Kwa kura za maoni za hapa nyumbani

Njia hii inahitaji kugeuzwa. Kwenye kura za maoni za CCM za ubunge mwaka 2015 walipiga wanachama kwenye matawi, hivyo swali la wangapi watajitokeza lilikuwa na maana ileile. Mwaka 2020 walipiga wajumbe wa mkutano mkuu, ukumbini, na kura zikahesabiwa mbele yao. Hapo waliojitokeza si fumbo, karibu kila mjumbe anafika. Jimbo la Kigamboni, Julai 2020, Dk. Faustine Ndugulile alipata kura 190 na Paul Makonda 122, na utafiti wa mtaani usingekusaidia kitu, maana mtaa haukuwa unapiga kura. Kwa mikutano ya aina hiyo vipande vyako visiwe vya eneo bali vya wajumbe: wanatoka kata zipi, wapo kwa nafasi gani, nani aliwachagua.

Na kuna hatua ambayo mchujo wa Marekani hauna. Anayeongoza kura za maoni bado anasubiri vikao vya juu vya chama, na mwaka 2020 wapo walioongoza wasiteuliwe. Kwa hiyo jedwali la kura za maoni liwe na safu mbili mwishoni, aliyeongoza na aliyeteuliwa, kila moja na makadirio yake na alama zake. Ya pili msiijaze usiku huo. Ijazeni siku majina yakitangazwa.